Dar es Salaam hadi Guangzhou: Umbali na Muda wa Safari kwa Ndege

Guangzhou, kusini mwa China, ni mji unaofahamika sana kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofuata nguo, viatu, simu na vipuri. Umbali wa angani kutoka Dar es Salaam, kwa njia fupi kabisa, ni takriban kilomita 8,700. Kutoka Nairobi ni karibu sawa na huo.

Ndege isiyotua njiani huhitaji kama saa 11. Kurudi huweza kuchukua muda zaidi, kwa kuwa ndege hukutana na upepo mkali unaovuma kutoka magharibi.

Kupitia miji mingine

Wasafiri wengi hubadilisha ndege njiani. Kupitia Dubai ni takriban kilomita 9,800: Dar hadi Dubai 4,000, Dubai hadi Guangzhou 5,800. Kupitia Addis Ababa jumla ni karibu hiyo hiyo. Kwa hiyo kinachorefusha safari hasa si kilomita, bali ni saa za kusubiri ndege ya pili.

Kusoma saa za tiketi

Guangzhou iko mbele ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa 5. Kwa Rwanda, Burundi na Lubumbashi ni saa 6. Saa za tiketi huandikwa kwa majira ya kila mji.

Mfano: unaondoka Dar Jumatatu 16:30 (saa 10:30 jioni), unafika Guangzhou Jumanne 14:15 (saa 8:15 mchana). Ukihesabu moja kwa moja utapata saa 21 na dakika 45. Toa saa 5 za tofauti, utabaki na saa 16 na dakika 45. Huo ndio muda halisi, pamoja na kusubiri. Wakati wa kurudi, jumlisha saa 5 badala ya kutoa.

Tahadhari ya usiku wa manane

Kosa linalowagharimu wengi ni la tarehe. Tiketi ikisema Ijumaa 00:10, maana yake ni saa 6:10 usiku wa kuamkia Ijumaa. Unatakiwa kuwa uwanjani Alhamisi kama saa 3 usiku. Ukienda Ijumaa usiku, ndege yako imeondoka tangu usiku uliotangulia, na huenda ukalazimika kununua tiketi nyingine.

Kwa walioko nyumbani

Tofauti hii inamgusa pia asiyesafiri. Duka la Kariakoo likifunguliwa saa 2 asubuhi, Guangzhou tayari ni saa 7 mchana. Ikifika saa 7 mchana Dar, kule ni saa 12 jioni na ofisi nyingi zinafunga. Anayetaka kuthibitisha oda au malipo siku hiyo hiyo, afanye hivyo asubuhi. Akisubiri mchana wa Ijumaa, jibu la benki linaweza kuja Jumatatu.

Msafirishaji naye akiambiwa mzigo umepaa saa 1 jioni, aulize kwanza ni saa za wapi. Saa 1 jioni ya Guangzhou ni saa 8 mchana ya Dar. Gari likiitwa uwanjani kwa hesabu isiyo sahihi, dereva atasubiri bure, au mzigo utafika hakuna wa kuupokea.