Vikundi vya Tangi la Maji

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi, na tulichokielewa wengi wetu ni jembe tu. Kumbe maandishi yale yalitaka pia wanafunzi washiriki kupanga na kuamua kazi zao wenyewe. Hilo nililikumbuka mwaka 1978, nikiwa mkufunzi wa ufundi katika chuo cha ualimu, nikalitumia vibaya.

Elimu ya Msingi kwa Wote ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia, walimu walihitajika upesi, na chuo kilijaa watu kuliko maji. Tukaamua kujenga matangi manne ya kukinga mvua. Nikawaambia wanachuo, "Chagueni vikundi wenyewe." Nilijiona mfuasi mwema wa siasa ya wakati ule.

Robo saa haikupita. Waliowahi kushika mwiko wa uashi walijikusanya pamoja. Waliotoka wilaya moja, pamoja. Walibaki wanawake watano na kijana mmoja mkimya ambaye hakuitwa na mtu. Hicho kikawa kikundi cha nne.

Tangi lao lilivuja. Mchanga ulizidi saruji, na hawakujua kwamba ukuta mpya humwagiliwa maji siku kadhaa usikauke upesi ukapasuka. Niliwapa alama za chini kabisa. Mmoja wao akaja ofisini akasema kwa adabu, "Ndugu mkufunzi, wanaojua uliwaacha wakae na wanaojua. Sisi tungejifunza kwa nani?" Nilimjibu kwa ukali, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Mwaka uliofuata nilimwuliza kila mtu kwanza: umewahi kutumia timazi? Unaweza hesabu za ujazo? Kisha nikapanga vikundi mwenyewe, kila kimoja na mjuzi wake, wala sikumweka mwanamke peke yake kati ya wanaume, maana huyo huishia kuchota maji na kuandika kumbukumbu. Kiongozi walimchagua wao. Mafundi niliwakataza kugusa mwiko siku mbili za kwanza. Waelekeze kwa mdomo tu. Walinung'unika sana!

Matangi ya mwaka huo yalishika maji. Alama za wale sita wa 1978 zilikuwa zimekwisha kupelekwa, na sikuandika barua ya kuomba zirekebishwe.