Mvunguni Hamna Kitu

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikuwa na daftari la kurasa 96 ambalo halikuwa la somo lolote. Ndani yake niliandika matokeo ya ule mchezo wa simu wa kindege kinachopaa, kinapaa, halafu kinatoweka na pesa zako. Kila usiku, kuanzia saa nne hadi saa saba, nilikuwa naandika: kimetoweka kikiwa wapi, kimepita juu mara ngapi, kimenihadaa mara ngapi. Kwenye kikundi chetu cha simu kulikuwa na jamaa tuliyemwita Kocha. Alitutoza mia tano kwa wiki, na somo lake lilikuwa moja tu: wavivu ndio hupoteza, wenye bidii husoma mchezo.

Mama alipoliona daftari wakati wa likizo alifurahi. "Angalau unasoma," akasema.

Karo ya muhula uliofuata iliishia humo, na chuoni sijarudi. Lakini kusema ukweli, pesa siyo kitu kilichonisumbua zaidi. Kilichonisumbua ni bidii. Mimi sikuwa mvivu, bana. Tumelelewa na methali kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama hadi mgongo ukauma. Nikaanza kujiuliza: kuna watu wengine walioinama hivi? Waliofanya mazoezi ya bahati kama vile mwanariadha wa Iten anavyofanya mazoezi ya mbio?

Kumbe wapo, tena wana historia ndefu. Wengi wako Marekani, na mchezo wao ni krapsi, mchezo wa dadu mbili.

Krapsi ni mtoto wa mchezo wa zamani wa Kiingereza, Hazard, jina ambalo wengi hulifuatilia hadi Kiarabu, az-zahr, yaani dadu. Wafaransa waliucheza kwa namna yao, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukashika mizizi New Orleans. Jina linalotajwa sana hapo ni la Bernard de Marigny, kijana aliyerithi mali nyingi mno na kupenda dadu kupita kiasi. Alikata shamba la familia vipande vipande akauza viwanja, na mtaa mmoja akaubatiza Rue de Craps. Alifariki 1868, utajiri ukiwa umeyeyuka. Mtaa wenyewe ulishabadilishwa jina. Kutoka New Orleans mchezo ulipanda mto Mississippi na meli, ukapita kwa Wamarekani weusi, vibarua na mabaharia, hadi ukawa mchezo wa kona ya mtaa: huhitaji meza wala karata, ni dadu mbili na ukuta.

Sheria zake ni rahisi. Unarusha dadu mbili. Ukipata 7 au 11 mara ya kwanza, umeshinda. Ukipata 2, 3 au 12, umeanguka. Ukipata namba nyingine yoyote, hiyo inakuwa namba yako, na unaendelea kurusha hadi uipate tena. Lakini 7 ikitangulia, umekwisha. Sasa, dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, na njia 6 kati ya hizo huleta 7. Hakuna jumla nyingine yenye njia nyingi hivyo. Saba ndiyo askari wa mchezo. Ukikokotoa yote, dau hilo la msingi humwachia mwenye kasino asilimia 1.41. Kwa kila shilingi 1,000 unazoweka, 14 hivi zinabaki kwake. Ni kidogo sana, na huo udogo ndio mtego. Mtu anajiambia: kama nimebakisha asilimia moja na ushee tu kumfikia mwenye nyumba, si nikinoa mkono kidogo nitampita?

Na wazo lenyewe si la kijinga, kwa sababu kuna wakati mkono ulikuwa unafanya kazi kweli. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa Marekani walicheza krapsi kila mahali, wakitandika blanketi la jeshi kama meza. Juu ya kitambaa laini, mjanja aliweza kuzibana dadu pamoja na kuziviringisha kama magurudumu ya mkokoteni, ili nyuso za pembeni zisije juu kamwe. John Scarne, bingwa wa viini macho vya karata aliyejua mbinu zote za kuiba kwenye kamari, alitumia miaka hiyo kuwaonya wanajeshi, na mwaka 1945 akatoa kitabu kizima kuhusu dadu. Ujuzi ulikuwepo. Jina lake lilikuwa wizi.

Ndiyo maana historia ya meza ya krapsi ni historia ya kuua mkono. Mwanzoni mwa karne ya 20 fundi wa dadu wa Philadelphia, John H. Winn, aliruhusu watu waweke dau dhidi ya anayerusha na pia upande wake, na hivyo dadu za magendo zikapoteza faida yake kubwa. Dadu za kasino leo ni za plastiki inayoona ndani, ili mtu asifiche uzito. Kingo zake zimekatwa kali. Lazima urushe kwa mkono mmoja, na dadu zote mbili ziguse ukuta wa mwisho wa meza. Na ukuta huo umevikwa mpira wenye vijipiramidi vidogo, ambavyo kazi yake ni moja tu: kuvuruga chochote ulichopanga.

Ni mbele ya ukuta huo ndipo makocha waliposimama. Kuanzia miaka ya 1990, na hasa baada ya 2000, vikatoka vitabu, video na semina za wikendi za kufundisha watu kurusha. Mwaka 2002 mhandisi mmoja aliyejiita Sharpshooter alitoa kitabu cha mbinu hizo. Frank Scoblete, mwandishi wa vitabu vingi vya kamari, naye akawa na shule. Wanafunzi walinunua meza za mazoezi wakaweka chumba cha chini ya nyumba. Walijifunza kupanga dadu kabla ya kuzishika, kuzishika kwa ncha za vidole, kuzirusha polepole zikizunguka pamoja, zigonge meza kisha ziguse ukuta kwa upole, zife hapo. Walirusha mamia ya mara kwa siku na kuandika kila matokeo.

Niliposoma hilo la kuandika, nilifunga simu kwa muda.

Hesabu yao ni tamu kwenye karatasi. Tuseme dadu ya kwanza unaishika ili 1 na 6 zikae pembeni, na ya pili 2 na 5 ndizo zikae pembeni. Zikizunguka kama gurudumu bila kuyumba, nyuso za pembeni haziji juu. Njia 36 zinakuwa 16, na njia za kupata 7 zinabaki 2 tu: 3 na 4, au 4 na 3. Badala ya saba moja katika kila mara sita, unapata moja katika kila mara nane. Ukiweza hilo, umemshinda mwenye nyumba. Hakuna uchawi hapo. Tena wanafizikia wamewaunga mkono nusu: mwaka 2012 Tomasz Kapitaniak na wenzake huko Poland walionyesha kwamba mwendo wa dadu unaweza kutabirika, kama unajua ilivyoanza kwa usahihi mkubwa sana. Ila kila inapodunda, kosa dogo la mwanzo linakua.

Kwa hivyo swali ni dogo: kuna aliyeweza? Mwaka 2004 Stanford Wong, mtu mwenye jina kubwa kwenye hesabu za kamari, aliingia dau kwamba dadu zikirushwa mara 500 na watu waliofanya mazoezi, saba hazitafika 80. Bahati tupu ingeleta saba 83 hivi. Zikatokea 74. Wakashangilia. Lakini hebu piga hesabu. Mkono wowote usio na mafunzo, wangu au wako, utapata saba 74 au pungufu karibu mara moja katika kila majaribio saba ya namna hiyo. Mara 500 ni chache mno. Kutofautisha kocha wa wastani na mtu mwenye bahati ya jioni moja, ungehitaji kurusha zaidi ya mara 3,000, ukihesabu zote, hata zile za siku mbaya. Na nani huandika za siku mbaya? Mimi nilikuwa naziruka. Niliziita "mtandao ulikuwa mbaya".

Halafu kuna rekodi yenyewe. Mei 28, 1989, Stanley Fujitake wa Hawaii alishika dadu kwenye hoteli ya California, Las Vegas, kwa saa 3 na dakika 6, akarusha mara 118. Rekodi hiyo ilidumu miaka 20. Aliyeivunja Mei 2009, kwenye kasino ya Borgata, Atlantic City, alirusha mara 154 kwa saa 4 na dakika 18. Hakuwa na kocha. Hakuwa na meza chini ya nyumba. Alikuwa mama mmoja kutoka New Jersey aliyeingia na dola 100, na hiyo ilisemekana kuwa mara yake ya pili kucheza krapsi maishani.

Lakini kilichonifungua macho kabisa ni jinsi mwenye nyumba anavyotenda. Mwaka 1962 Edward Thorp, mwalimu wa hisabati, alichapisha kitabu kinachoonyesha jinsi ya kushinda mchezo wa karata wa 21 kwa kuhesabu karata zilizotoka. Hiyo ilikuwa kweli. Kasino zilifanya nini? Zilijaribu kubadilisha sheria, zikaongeza karata mezani, na hadi leo anayekamatwa akihesabu anaonyeshwa mlango. Na Fujitake je? Hoteli ilianzisha klabu ya "Mkono wa Dhahabu" kwa heshima yake. Wanaoshika dadu zaidi ya saa nzima huandikwa jina ukutani. Mahali ambapo ujuzi unafanya kazi, mwenye nyumba anakufukuza. Mahali ambapo haufanyi, anakutundika ukutani ili wengine wajaribu.

Simcheki mtu anayerusha dadu usiku chini ya nyumba yake. Najua anachotafuta. Bahati haina heshima: ukishinda hukustahili, ukipoteza hukukosea. Mazoezi yanampa mtu hadithi ambayo ndani yake yeye ni mfanyakazi, siyo mteja. Hicho ndicho makocha huuza, kule na huku, na mwenye nyumba hana shida nao, kwa sababu mwanafunzi mwenye bidii hukaa mezani muda mrefu kuliko mvivu. Mvivu angepoteza mia mbili akaenda kulala. Mimi nilikaa hadi karo ikaisha.

Methali yetu ni ya kweli, ila ina sharti ambalo hakuna aliyenisomea: kwanza hakikisha kuna kitu mvunguni. Anayekimbia kilima asubuhi huona saa yake ikipungua. Anayejifunza kushona huona nguo. Ukifanya kazi miezi minne na ushahidi pekee wa maendeleo ni siku zile ulizochagua kukumbuka, inuka.

Daftari bado ninalo. Kurasa 31 zilibaki tupu, na mwezi uliopita nilianza kuzitumia. Maelezo ya makala hii niliyaandika humo, kuanzia ukurasa wa 66. Mama aliniuliza tena ni la somo gani. Safari hii nilimwambia.