Ufa Uzibwe kwa Nini?

Wazee walituachia onyo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali haikueleza ufa uzibwe kwa kitu gani, kwani kwa waliokuwa wakiitumia hilo halikuwa swali. Ukuta wa udongo ulizibwa kwa udongo, na ukuta wa mawe ulizibwa kwa chokaa. Swali lilizaliwa baada ya kuja saruji, na majibu yake mabaya yanasomeka leo katika kuta za Mji Mkongwe wa Unguja.

Ujenzi wa mawe katika mwambao huu una umri mrefu. Uchimbuzi uliofanywa Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, ulifichua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwengine mahali pale pale. Ya mwanzo, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti na udongo; iliyofuata ikawa ya mawe. Mawe hayo yalikuwa ya namna mbili. Lipo tumbawe la baharini, ambalo hukatwa likiwa laini na kuchongwa kabla halijakauka. Hilo lilifaa kwa mihrabu na kwa miimo ya milango. Na lipo jiwe la nchi kavu, gumu na lenye matundu, ambalo ndilo lililobeba kuta. Kwa mawe hayo ilijengwa Kilwa aliyoizuru Ibn Battuta mwaka 1331, na kwa hayo zikajengwa Lamu na Unguja.

Lakini jiwe peke yake si ukuta. Kinacholiunga na jenziwe ni chokaa, nayo chokaa ni jiwe lile lile lililopitishwa motoni. Magogo yalipangwa duara, mawe yakapandishwa juu yake, na tanuu likawashwa. Moto ukifika kiasi cha nyuzi 900, jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa ndani yake. Linalobaki huzimwa kwa maji, huachwa lipoe na kuiva, kisha huchanganywa na mchanga au udongo mwekundu. Likishatiwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ile kutoka angani, polepole, kwa miaka, mpaka liwe jiwe kwa mara ya pili. Waashi hawakuwa na majina ya kemia, ila walijua kwamba chokaa haitaki haraka.

Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, takriban mita 2 na nusu hadi 3. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti yalipangwa mawe, ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, na watu wakaipigilia sakafu kwa vijiti kwa siku nyingi, wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Nyumba nzima ilikuwa ya kitu kimoja kinachopumua: mvua ikiingia ukutani, jua na upepo viliitoa.

Saruji haina tabia hiyo. Ni ngumu kuliko jiwe inalolifunika, wala haiachi unyevu upite. Ukuta wa chokaa ukipakwa saruji, maji huingia kwa ufa mdogo na kukosa pa kutokea. Huyeyusha chokaa ya ndani, hutembeza chumvi, na huozesha ncha za boriti zilizoshikwa na ukuta. Kwa nje nyumba huonekana imetengenezwa; kwa ndani inaliwa. Siku boriti zinapokatika, jirani hushangaa kwamba nyumba iliyopakwa upya ndiyo iliyoanguka.

Hata hivyo, saruji isitwishwe makosa yote. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wenyewe wakaondoka, na zikakaliwa na familia kadhaa kwa pamoja. Kodi ilikuwa ndogo, na aliyepaswa kupanda darini kabla ya masika hakujulikana ni nani. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini orodha haizuii mvua. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, ilisalimika na mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Sehemu yake moja ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa kazini kuitengeneza, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara, na watu 2 wakafa.

Siku hizi dunia inatafuta ujenzi usioumiza ardhi. Saruji huhitaji moto wa nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vyake hutoa takriban asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na kazi za binadamu. Chokaa huungua kwa moto mdogo zaidi na hurejesha sehemu ya ilichotoa. Lakini nayo ina deni: tanuu hula kuni, boriti hula mikoko, na tumbawe hai likikatwa samaki hukosa makazi. Kwa hiyo haifai kurudia kila lililofanywa na wazee. Linalofaa ni kuchoma jiwe la nchi kavu kwa kuni za miti iliyopandwa, kama mivinje, kutumia tena mawe ya nyumba zilizoanguka, na kuiachia saruji majengo mapya yaliyokusudiwa kwayo.

Mtunzi wa Al-Inkishafi aliyatazama magofu ya Pate akaona udanganyifu wa dunia, na hakukosea. Mwashi akiyatazama magofu hayo hayo huona pia kuta zilizobaki wima baada ya paa na wenyewe kutoweka. Mafunzo yote mawili ni ya kweli, lakini la pili lina muda mfupi zaidi. Mawe bado yapo, na chokaa bado yaweza kuchomwa. Wanaopungua ni wale wanaojua, kwa kuishika tu mkononi, kwamba chokaa imeiva.