Ndege ya Mbao Juu ya Handeni: Mchezo wa Kompyuta na Hesabu ya Wapagazi

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Korogwe, aliniletea pendekezo la utafiti ambalo baadhi ya wenzangu idarani walilipokea kwa kicheko. Alitaka kuunda nakala ya ndege ndogo ya Kiingereza aina ya B.E.2c ndani ya FlightGear, programu huria ya kuigiza urushaji wa ndege, kisha airushe kutoka Korogwe hadi Handeni katika hali ya hewa ya Juni 1916. Hoja ya waliocheka ilikuwa fupi: chuo kikuu si mahali pa michezo. Mimi nililipitisha pendekezo lile, na ningependa kueleza sababu zangu.

Tuanze na vita yenyewe. Juni 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilikuwa likiteremka bonde la Pangani likilifuata jeshi la von Lettow-Vorbeck. Katikati ya mwezi liliingia Korogwe, mji uliokuwa tayari kituo cha reli ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka 1893. Siku chache baadaye likaingia Handeni, na tarehe 24 likapigana kwenye mto Lukigura. Pamoja na jeshi hilo kilikuwapo Kikosi cha 26 cha wanaanga, chenye Waafrika Kusini wengi, kilichoshuka Mombasa mwishoni mwa Januari mwaka huohuo kikiwa na ndege za B.E.2c na baadaye za Henri Farman. Wito wake, kwa Kiafrikana, ulimaanisha mlinzi angani. Leo Walmsley, aliyehudumu humo kama mpelelezi wa angani na baadaye akawa mwandishi wa riwaya, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1920.

B.E.2c ilikuwa chombo cha mbao, turubai na nyaya, chenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, upana wake mita 11 na ushei, na uzito wa karibu tani moja ikiwa imepakiwa. Injini yake ilikuwa ya nguvu farasi 90. Mpelelezi aliketi mbele na rubani nyuma yake. Wabunifu wake wa Farnborough, hasa kijana Edward Busk aliyeungua hewani Novemba 1914 ndani ya ndege ya aina hiyohiyo, waliipa utulivu mkubwa ili rubani aweze kuangalia ardhi bila kuhangaika na usukani. Huko Ulaya utulivu huo uliigharimu, maana ilishindwa kuwakwepa Wajerumani wenye ndege nyepesi zaidi. Huku kwetu Wajerumani hawakuwa na ndege ya kupambana nayo.

Kuiunda upya katika kompyuta si kuchora umbo tu. Umbo ndiyo sehemu rahisi. Picha zipo, na ndege halisi imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya vita Uingereza. Kazi ngumu ni kuiambia programu uzito wa kila kitu na mahali kilipo: injini, tangi, watu wawili, bunduki, mabomu. Kitovu cha uzito kikikosewa kwa sentimita chache, ndege huinua pua na kuanguka. Mwanafunzi wangu alitumia wiki nyingi kutafuta namna nyaya zile za nje zinavyoiburuza ndege hewani. Ndege yake ya awali ilikwenda kwa kasi ya kupendeza. Nilimwambia aitilie shaka kwa sababu hiyo hiyo, kwani B.E.2c haikuvuka kilomita 120 kwa saa.

Kisha likaja jambo ambalo vitabu vya kampeni hiyo hulitaja kwa sentensi moja na kupita. Takwimu za ndege zilipimwa katika hewa ya Uingereza. Korogwe iko takribani mita 300 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kwa karibu asilimia 8 kuliko ile ya vipimo vya kawaida. Handeni, iliyo juu zaidi, upungufu hupindukia asilimia 10. Hata katika hewa nzuri ndege hii ilihitaji kama dakika 45 kufika mita 3,000. Ukiirusha Korogwe saa nane mchana, ukuta wa milima ya Usambara ukiwa upande wako mmoja, unaelewa kwa mikono yako kwa nini marubani wale walipenda alfajiri. Unaelewa pia kwa nini waliruka chini, na kwa nini pori la Uzigua liliwashinda: askari waliokaa chini ya miti hawakuonekana.

Hilo pekee lingetosha kuuhalalisha utafiti. Lakini kilichonigusa zaidi kilitoka kwenye kipimo cha mafuta.

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kama kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni saa moja. Kwa makisio ya kawaida, injini ya ukubwa ule hula zaidi ya kilo 20 za petroli kwa saa. Petroli ya zama zile ilisafirishwa kwa madebe ya galoni nne, mawili katika sanduku moja la mbao, na petroli ya sanduku hilo pekee hukaribia kilo 26. Huo ndio mzigo wa mpagazi mmoja. Magari yalipokwama matopeni na ng'ombe wakafa kwa ndorobo, sanduku lilikwenda kichwani, siku tatu au nne za mwendo kwa kipande ambacho ndege ilikipita kwa nusu saa. Wajerumani nao hawakuwa tofauti: walitandika reli nyepesi kutoka Mombo hadi Handeni, na vigari vyake vilisukumwa kwa mikono ya watu.

Waingereza waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita hiyo. Hesabu yao wenyewe ya waliokufa inapita 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na unga uliopikwa nusunusu. Jina la kikosi chao tunalitamka kila siku tunapokwenda sokoni Kariakoo. Wanaoandaa vitabu vya somo la Historia ya Tanzania na Maadili wangefanya vyema kumpa mwanafunzi wa sekondari hesabu ya sanduku lile aifanye mwenyewe, badala ya kumkaririsha majina ya majenerali.

Programu haina nafasi ya mpagazi. Ina kitufe cha kujaza tangi, unabonyeza, limejaa. Mwanafunzi wangu amekiondoa. Katika nakala yake, anayetaka kuruka kwenda Handeni hana budi kusubiri mafuta yafike kwa miguu, na saa ya mchezo inakwenda sawasawa na saa ya ukutani. Mwenzangu mmoja kati ya waliocheka aliijaribu Jumatatu. Hadi ninapoandika haya, Alhamisi jioni, bado yuko chini Korogwe.