Kiatu cha mwendesha baiskeli na maumivu ya mbele ya unyayo

Ombaci iko kilomita chache kaskazini mwa mji wa Arua, katika eneo la West Nile nchini Uganda, na kwa wengi wa huko baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha starehe. Hubeba makaa, mihogo, madumu ya maji na watoto wa shule. Baiskeli ya kawaida isiyo na gia husogea takriban mita tano kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Kwa hiyo safari ya kilomita tano humtaka mwendeshaji akanyage kiasi cha mara elfu moja kwa kila mguu. Mizigo yote ya kazi hiyo hupitia sehemu moja ndogo ya mwili: ule mto wa nyama ulio nyuma kidogo ya vidole vya mguu.

Mguu wa binadamu una mifupa 26. Mitano kati yake, iitwayo metatasali, ni mirefu na hulala sambamba kuelekea vidoleni. Vichwa vya mifupa hiyo ndivyo vinavyokaa juu ya pedali. Mgandamizo ukizidi au ukidumu, hali inayotokea huitwa metatasalgia: moto unaowaka chini ya unyayo, au hisia ya kukanyaga kokoto ambayo haipo. Ipo pia hali nyingine inayofanana nayo, ambapo mshipa wa fahamu upitao kati ya mifupa hiyo, mara nyingi baina ya kidole cha tatu na cha nne, hubanwa na kuvimba. Mwingereza Lewis Durlacher aliieleza mwaka 1845, lakini jina lililobaki ni la daktari Thomas Morton wa Philadelphia, aliyeiandika mwaka 1876. Mwenye hali hii husikia ganzi au mchomo unaofika hadi ncha za vidole, na mara nyingi hupata nafuu pale tu anapovua kiatu. Dalili hiyo ya kuvua kiatu ni muhimu, kwa kuwa huelekeza lawama kwenye upana wa kiatu.

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuitegemea namba. Namba za Ulaya huhesabu urefu wa kalibu ya kiatu, na kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Namba 42 ni kalibu ya sentimita 28, wala si mguu wa sentimita 28. Namba za Kiingereza huongezeka kwa theluthi ya inchi, yaani milimita 8 na nusu hivi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema lolote kuhusu upana. Ndiyo maana mtu aliyekulia pekupeku au katika kandambili, ambaye vidole vyake vimetanuka kama Mungu alivyoviumba, huweza kununua kiatu chenye urefu sahihi kabisa na bado akateseka.

Kipimo cha kuaminika ni cha nyumbani. Mtu asimame juu ya karatasi wakati wa jioni, mguu ukiwa umekwisha kuvimba kidogo kwa shughuli za mchana, na mwenzake amchoree mzunguko wa unyayo huku kalamu ikiwa wima. Miguu yote miwili ichorwe, kwani ni nadra ilingane, na mkubwa ndio uchukuliwe. Kisha karatasi hiyo ikatwe na kupelekwa sokoni. Kiatu kikiwa na soli ya ndani inayotoka, itolewe na kulinganishwa na mchoro: vidole vikipita ukingo wake, kiatu hicho ni chembamba hata kama muuzaji ataapa kwamba ngozi itatanuka. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Katika mitumba hutokea pia viatu vilivyochapwa herufi za upana chini ya ulimi. Kwa viatu vya kiume vya Marekani, D ni upana wa kawaida, 2E ni mpana, na 4E ni mpana zaidi.

Upana peke yake hautoshi. Makatambuga ya matairi, ambayo Uganda huitwa lugabire, humwachia mtu vidole huru na soli yake ni ngumu kiasi. Kwa pedali, hiyo ni sifa njema kuliko inavyodhaniwa. Kandambili laini na raba zilizochakaa hupinda juu ya pedali, na mgandamizo wote hujikusanya mahali pamoja. Hali huwa mbaya zaidi pale raba za pedali zenyewe zinapokwisha na kubaki chuma kitupu chembamba. Kubadilisha pedali mara nyingi ni nafuu kuliko kubadilisha viatu, na pengine ndiyo tiba ya kwanza ya kujaribiwa.

Viatu maalumu vya mbio vina soli isiyopinda na tundu chini yake za kufungia kipande kinachonasa pedali. Mfumo huo ulienea baada ya kampuni ya Look ya Ufaransa kuutoa mwaka 1984, na Bernard Hinault kushinda Tour de France nao mwaka uliofuata. Kwenye pedali bapa viatu hivyo huteleza, hivyo havimfai mbeba mizigo. Anayevitumia kwa mashindano na kuumwa mbele ya unyayo hushauriwa kukirudisha kipande hicho nyuma milimita chache kuelekea kisigino. Mwenye pedali bapa hufanya vivyo hivyo kwa kusogeza mguu mbele kidogo, ili ekseli ya pedali isikae chini ya vichwa vya mifupa bali nyuma yake. Kamba zilegezwe upande wa vidoleni na kukazwa juu ya kifundo.

Fundi viatu mwenye kipande cha mpira laini au ngozi anaweza kusaidia pia. Kijito kidogo hubandikwa ndani ya kiatu, nyuma ya mahali panapouma. Kikiwekwa juu ya penye maumivu yenyewe, huongeza mgandamizo badala ya kuupunguza.

Maumivu yanayoendelea hata wakati wa kulala, uvimbe juu ya mguu, au maumivu makali ya mfupa mmoja ukibonyezwa, huweza kuwa dalili ya ufa katika metatasali, na hapo kiatu si dawa: mguu hutakiwa kupumzishwa kwa wiki kadhaa na kuchunguzwa hospitalini. Mwenye kisukari asingoje dalili hizo. Ganzi yoyote mguuni, au kidonda kilichosababishwa na kiatu, kionwe na mhudumu wa afya mapema iwezekanavyo, hata kama hakiumi.