Chai ya Warusi

Neno «chai» tunalolitumia sisi, Warusi nao hulitamka vivyo hivyo. Hawakulipata kwetu, wala sisi hatukulipata kwao. Asili yake ni Uchina; likasafiri kwa njia mbalimbali pamoja na majani yenyewe. Leo tueleze jinsi majani hayo yalivyoingia Urusi, na jinsi yalivyoshindana na pombe kali.

Mwaka 1638 mtawala mmoja wa Wamongoli, Altyn Khan, alimpelekea mfalme wa Urusi, Mikhail Fyodorovich, zawadi ya chai. Yasimuliwa kwamba mjumbe wa mfalme, Vasily Starkov, hakufurahi kuipokea: majani makavu yana faida gani? Lakini huko Moscow wakayaonja, wakayapenda. Mwaka 1727 Urusi na Uchina zilifanya mapatano, na mji wa Kyakhta, mpakani, ukawa soko lao. Ngamia walileta chai kwa kupita jangwa la Gobi; kisha farasi waliivuta kwa magari, na wakati wa baridi kwa magari yasiyo na magurudumu, yateleza juu ya theluji. Safari ilichukua miezi mingi. Ndiyo sababu chai ilikuwa ghali, kinywaji cha wakubwa na matajiri.

Mwaka 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa, meli zikaileta upesi zaidi. Baadaye ikaja reli ya Siberia, iliyoanza kujengwa mwaka 1891. Bei ikapungua, maskini naye akanywa.

Chombo chao mashuhuri ni samovari, maana yake «chajichemsha chenyewe». Ni chombo cha shaba chenye bomba katikati. Ndani ya bomba huwaka makaa, na maji huchemka pande zote. Katika mji wa Tula, wenye mafundi wa bunduki, ndugu wawili wa ukoo wa Lisitsyn walianza kutengeneza samovari mwaka 1778, na mji ukapata sifa kwa kazi hiyo. Juu ya samovari hukaa birika dogo la chai nzito. Kila mtu hutiliwa kidogo, kisha huongezewa maji ya moto: mzee apenda kali, mtoto hupewa nyepesi. Wengi waliuma kipande cha sukari kwa meno, wakinywa chai juu yake. Mgeni akifika, hukaribishwa chai kwanza.

Lakini Warusi walikuwa na kinywaji kingine pia, vodka, nayo iliharibu nyumba nyingi. Hata zawadi ndogo aliyopewa mtumishi iliitwa «ya vodka». Baadaye watu wakazoea kusema «ya chai». Tangu mwaka 1894 serikali iliunda kamati za kuwafundisha watu kiasi, nazo zikafungua nyumba za chai, ili mfanyakazi apate mahali pa kukaa na wenzake bila kulewa. Kazi njema! Walakini mwaka ule ule serikali ilianza kujitwalia biashara yote ya vodka, na wizara ya fedha iliyosimamia kamati hizo ndiyo iliyopokea faida ya pombe. Mwaka 1914, vita vilipoanza, mfalme Nicholas II alikataza vodka. Mwaka 1925 serikali mpya ya Wakomunisti ikaiuza tena kwa nguvu yake yote ya zamani.

Tujifunze nini? Chai yaweza kuwakalisha watu pamoja kwa amani, wakaongea na kupatana. Bali majani peke yake hayamponyi mlevi, ikiwa yule anayemwonya ndiye anayemwuzia. Kwetu pia wapo wanaowaombea waume zao wenye ulevi siku ya Dominika, na siku ya Jumatatu wanapika pombe ya kuwauzia waume za wengine. Tusiwahukumu upesi: ada ya shule na chakula vyatafutwa kwa shida. Lakini sisi wanaparokia tusiishie kuwakemea. Tuwasaidie kupata kazi nyingine, ili sala na mkono viende njia moja.