Ndege mbaya

Bundi akilia usiku juu ya bati huko Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto mjini Kisangani, hakosekani wa kusema kuna mtu anaitwa. Kwa Kilingala atamwita esukulu. Hofu ni ileile. Mimi hunivuta zaidi neno ndege lenyewe. Kamusi ya Kiswahili ya Johnson ya 1939 inalipa maana ya pili: ishara, fali. Na sarufi inafichua siri. Kiumbe ni ndege mwema. Ukisikia ndege njema, ujue ni heri inayotabiriwa. Siku hizi ukimwambia kijana umepata ndege mbaya, atauliza ni ya shirika gani.

Neno uchuro, yaani ishara ya balaa, limesalimika zaidi. Kulia pasipo msiba ni uchuro, na mwenye kutaja jeneza karibu na mgonjwa ataambiwa, "Usituchurie!" Hapo bundi hahitajiki, mdomo unatosha.

Ireland wanaye banshee, mwanamke wa mizimu anayelilia koo fulani kabla ya kifo. Lakini bundi yule mwenye uso mweupe kama moyo, ambaye Afrika pia yuko, kwa Kiayalandi huitwa scréachóg reilige, yaani mpiga yowe wa makaburini. Kumbe naye huko amesingiziwa! Ndege huyu anafuata panya tu. Ila penye mgonjwa watu hukesha, na wanaokesha ndio wanaomsikia. Majirani waliolala hawana habari kwamba alianzia kwao.